Bustani ya Nyumbani Mwanzoni mwa Kipupwe: Kazi za Mwisho wa Mei Hadi Julai, Mtwara na Lindi

Mvua za Mtwara na Lindi ni za msimu mmoja. Zinaanza kati ya Novemba na Desemba, zinakata Aprili au mwanzoni mwa Mei, kisha basi. Hakuna vuli ya kusubiri. Juni na Julai kuna manyunyu ya hapa na pale yanayoletwa na kusi, lakini hayo hulowesha majani na kuacha mizizi mikavu. Wakati huohuo hali ya hewa ndiyo nzuri kuliko miezi yote: usiku joto hushuka hadi karibu nyuzi 20 pwani, na Newala juu kwenye uwanda wa Makonde hupoa zaidi. Nyanya, sukuma wiki, chainizi na karoti, ambazo Januari huteswa na joto, hustawi sasa.

Kinachopungua ni maji tu. Sehemu kubwa ya udongo wa kwetu ni kichanga, na kusi linavuma mchana kutwa na kukausha kila lilipopita. Ndiyo maana karibu kila kazi iliyoelezwa hapa ina lengo moja, kuyabakiza maji ardhini. Mbegu nzuri zinapatikana madukani mwaka mzima, ila unyevu ulioachwa na masika ukishaondoka haurudi hadi Desemba.

Hesabu maji kabla ya kuhesabu matuta

Mboga zinazokua katika msimu huu hutumia takribani lita 5 za maji kwa siku kwa kila mita ya mraba. Tuta la upana wa mita 1 na urefu wa mita 5 linahitaji lita 25, yaani ndoo moja kubwa ya lita 20 na robo. Nyumba inayoweza kutenga ndoo nne kwa siku kwa ajili ya bustani itatunza matuta matatu ya kiasi hicho, si zaidi. Kosa la kawaida Juni ni kulima matuta manane wakati ardhi bado ina ubichi, kisha Agosti kuyagawia yote maji ya matuta matatu. Hapo hakuna tuta linaloshiba, na mchicha hutoa maua kabla haujafika kimo cha kuchumwa.

Matuta matatu si haba. Moja liwe la mboga za majani zinazokomaa haraka (mchicha, figiri, chainizi), ukilipanda nusu kwanza na nusu ya pili baada ya wiki mbili ili mavuno yasikutane. La pili liwe la nyanya, ambalo litabeba miche 20. La tatu liwe la sukuma wiki na bilinganya au nyanya chungu. Matembele usiyatengee tuta. Yaweke pale maji ya bafuni yanapomwagikia, kwani hayachagui.

Ng'oa mabaki ya masika na uyasome mizizi

Mazao ya mvua yaliyokwisha yaondolewe mapema, kwa sababu bamia kuukuu na nyanya zilizochoka ndiyo makazi ya utitiri, inzi weupe na kantangaze (kiwavi anayetoboa majani na matunda ya nyanya). Ng'oa pamoja na mizizi, usikate kwa panga juu juu, kisha kung'uta mchanga na utazame.

Ukiona uvimbe na vifundo kwenye mizizi ya bamia, nyanya au bilinganya, hapo pana minyoo fundo. Wadudu hawa hawaonekani kwa macho na hupenda sana udongo wa kichanga. Mmea ulioshambuliwa hunyauka saa sita mchana hata kama umemwagiliwa asubuhi, kisha hudumaa, na watu wengi hudhani umekosa mbolea. Kuwa mwangalifu kwenye kunde na karanga, maana zina vifundo vyake halali vinavyonasa naitrojeni ya hewani. Vifundo halali vimebandikwa ubavuni mwa mzizi, vinabanduka kwa ukucha, na ukipasua kimojawapo ndani utakuta rangi ya waridi au nyekundu. Kifundo cha minyoo ni mzizi wenyewe uliovimba, na hakibanduki bila kuukata mzizi.

Penye minyoo usipande nyanya, bamia, bilinganya wala karoti msimu huu. Weka vitunguu, au pumzisha eneo: geuza udongo kwa jembe, uache ukauke juani wiki mbili, geuza tena. Mvua zijazo panda karanga au ufuta hapo. Kama eneo ni hilo tu na nyanya ni lazima, tafuta mbegu ya Tengeru 97, ambayo inastahimili minyoo fundo kuliko aina nyingi za zamani, na ongeza samadi maradufu. Mizizi yenye vifundo ichomwe moto. Ukiitupa kwenye shimo la mboji, utairudisha bustanini Septemba.

Tuta la kuzama badala ya la kuinuka

Wakati wa masika tuta huinuliwa ili maji yaondoke. Kipupwe sharti ligeuzwe, uso wake uwe chini ya njia kwa sentimita 7 hadi 10. Tuta la kuinuka kwenye kichanga hukauka pande zote nne, na nusu ya maji unayomwaga hutiririka njiani. Hii ndiyo kazi nzito kuliko zote za msimu, lakini hufanywa mara moja na hudumu hadi Novemba.

1. Pima upana wa mita 1 na urefu wa mita 5, urefu ukielekea mashariki na magharibi ikiwezekana. Upana usizidi mita 1, ili mkono ufike katikati bila kukanyaga.
2. Ondoa udongo wa juu, sentimita 15, uurundike upande mmoja. Huo ndio wenye rutuba.
3. Chimba sentimita 10 nyingine. Udongo huu wa chini ndio utakaojenga kingo: utandaze kuzunguka tuta lote, upana wa sentimita 20 na kimo cha kama 15, kisha ushindilie kwa mguu.
4. Tifua sakafu iliyobaki kwa kina cha sentimita 15 bila kuitoa. Mwaga ndoo moja ya lita 20 ya samadi iliyooza na uichanganye humo.
5. Rudisha udongo wa juu ukiuchanganya na ndoo nyingine mbili za samadi ya ng'ombe au mbuzi. Ukitumia ya kuku, punguza kwa nusu kila mahali, na iwe imekaa angalau miezi miwili, maana mbichi huunguza mizizi.
6. Sawazisha kwa reki, kisha mwaga ndoo moja ya maji upande mmoja. Maji yakikimbilia kona moja, rekebisha. Ardhi ikiwa na mteremko, kata tuta katikati kwa kingo ndogo.

Mwagilia tuta tupu kila siku kwa wiki moja kabla ya kupanda. Magugu yataota, nawe utayaparua kwa mkupuo mmoja.

Mabondeni, kama kando ya Lukuledi au Ruvuma, mambo ni mengine. Udongo wa mfinyanzi hushika maji, na tuta la kuzama litaozesha mizizi. Kupima ni rahisi: chimba shimo la sentimita 30, lijaze maji, yakishanywewa jaza tena. Kama maji ya pili bado yamo baada ya muda wa saa tatu, lima tuta bapa, na usianze kulima hadi udongo uache kunata kwenye jembe. Ukiulima ungali chepechepe utapata mabonge magumu kama tofali hadi masika yajayo.

Kitalu

Nyanya, sukuma wiki, bilinganya, nyanya chungu na pilipili husiwa kitaluni. Mita moja ya mraba inatosha mahitaji yote ya nyumba yenye matuta matatu. Sia wiki ya mwisho ya Mei au ya kwanza ya Juni.

Rundika majani makavu au pumba za mpunga sentimita 10 juu ya kitalu, uchome polepole, uache upoe siku mbili. Moto huo hupunguza minyoo na ukungu wa udongoni. Piga mistari yenye kina cha sentimita 1, ikiachana sentimita 10 hadi 15, na kwenye mstari dondosha mbegu moja kila sentimita 2 au 3. Hapa ndipo uvivu unapoleta hasara: mbegu zikimwagwa kama chumvi, miche inasongana, hewa haipiti, na kinyausi huingia. Miche inakatika usawa wa udongo na kulala chini kwa makundi, na hakuna dawa ya kuirudisha. Kinyausi hupenda pia kumwagiliwa jioni na kivuli kizito.

Funika mistari kwa nyasi nyepesi hadi mbegu zitoboe, kwa kawaida siku 5 hadi 8. Siku zitakapotoboa, ondoa nyasi jioni hiyohiyo, vinginevyo miche itarefuka na kupinda. Jenga kichanja cha makuti kimo cha mita 1 juu ya kitalu. Wiki mbili za kwanza makuti yawe mengi, ya tatu punguza nusu, ya nne yaondoe yote na upunguze maji pia, ili miche izoee jua. Pembeni zungushia neti au matawi ya miiba. Kuku wa jirani huhitaji dakika tano tu kufukua kazi ya mwezi mzima.

Kuhamisha na kupanda

Nyanya na sukuma wiki huwa tayari wiki ya nne, mche ukiwa na majani manne au matano na shina la unene wa penseli. Bilinganya na pilipili huhitaji wiki tano hadi sita. Mche wa nyanya wenye maua usiuhamishe, kwani utazaa vitunda viwili vitatu na kuishia hapo.

Fanya kazi hii baada ya saa kumi jioni. Mwagilia kitalu kwanza. Chimba shimo la sentimita 15, weka konzi mbili za mboji, mimina lita moja ya maji, subiri yanywewe, ndipo upande. Nyanya ifukiwe hadi karibu na jani la kwanza, itatoa mizizi kwenye shina. Nyingine zipandwe usawa uleule zilivyokuwa kitaluni. Nafasi ni sentimita 60 kati ya mistari na 50 kati ya miche kwa nyanya, 50 kwa 40 kwa sukuma wiki, 75 kwa 60 kwa bilinganya, 30 kwa 30 kwa chainizi. Siku tatu za mwanzo kila mche uchomekewe jani la mnazi au tawi la kivuli upande wa magharibi.

Mchicha hupandwa moja kwa moja. Changanya kijiko kimoja cha chai cha mbegu na vijiko kumi vya mchanga mkavu. Kinatosha mita 2 hadi 3 za mraba. Mistari iachane sentimita 20, mbegu zifunikwe kwa udongo mwembamba sana. Ng'oa za kula baada ya wiki tatu hadi nne, ukibakiza nyingine za kukata. Bamia weka mbegu mbili kila shimo, 50 kwa 30, baada ya kuziloweka usiku mmoja, maana msimu wa baridi huchelewa kuota. Karoti haihamishwi, na udongo wake usiwe na samadi mbichi, la sivyo itagawanyika miguu.

Kumwagilia

Mwagilia kati ya saa kumi na mbili na saa mbili asubuhi, maji yaende chini ya mmea. Jioni majani hulala yamelowa, na kwa umande wa Juni ukungu hauhitaji mwaliko zaidi. Mboga za majani zenye mizizi mifupi hupewa lita 5 kwa mita ya mraba kila siku. Nyanya, bilinganya na sukuma wiki zikishashika, baada ya wiki mbili hivi, ni bora kupewa lita 10 kila siku ya pili. Maji yakienda chini, mizizi huyafuata, wakati maji kidogo ya kila siku huifuga juu, panapokauka kwanza. Ukizidisha lita 10 kwa mkupuo kwenye kichanga, ziada hupita chini ya mizizi na kuondoka na mbolea.

Kujua kama yametosha, chimba kwa kidole hadi sentimita 10 na ukaminye udongo. Ukishikamana, acha, ukitiririka kati ya vidole, mwagilia. Usitumie sura ya mmea saa saba mchana kama kipimo, bilinganya hulegeza majani hata ikiwa na maji. Kipimo ni asubuhi.

Nyanya zinazopewa maji leo, zikasahauliwa siku tatu, kisha zikafurikishwa, hupasuka au huoza kitako kwa doa jeusi lililodidimia. Watu hupiga dawa ya ukungu bure, ilhali hilo doa ni kalsiamu iliyoshindwa kufika kwenye tunda kwa sababu maji yalikatika.

Visima vya karibu na bahari mara nyingi vina chumvichumvi, na hali huzidi kadiri kiangazi kinavyosonga. Dalili ni kingo za majani kukauka na uso wa udongo kuota ukoko mweupe. Kwa maji hayo acha karoti, vitunguu na maharage. Panda spinachi, ambayo huvumilia zaidi. Majani yasiloweshwe, na mara moja kwa wiki mwaga maradufu ili chumvi ishuke chini. Kichanga, angalau kwa hili, ni msaada.

Newala na Tandahimba, ambako maji ya kununua si ya kuchezea, maji ya kuoshea vyombo na ya kunawia yapelekwe kwenye mipapai, migomba na matembele. Yasimwagiwe mboga zinazoliwa bichi.

Matandazo na kizuizi cha upepo

Wiki moja baada ya kuhamisha miche, tandaza nyasi kavu unene wa sentimita 5 hadi 8, ukiacha sentimita 5 kuzunguka shina. Nyasi zikatwe kabla hazijakomaza mbegu, na mwisho wa Mei ndio wakati wenyewe. Maganda ya karanga hufaa pia na hayapeperuki kirahisi. Makumbi ya nazi yaliyochambuliwa ni mazuri, isipokuwa yale yaliyofukiwa pwani kwa ajili ya kusokota kamba, ambayo yamejaa chumvi ya bahari. Mchwa watakuja tu. Wakila matandazo waache, wakianza kupanda mashina sogeza nyasi mbali na uendelee kulowesha.

Kusi hutoka kusini mashariki. Upande huo simamisha ua wa makuti au fito kimo cha mita 1.5, wenye matundu yapitishayo upepo kidogo. Ukuta uliozibwa kabisa huurusha upepo juu na kuuangusha katikati ya matuta kwa kishindo. Kama upande huo una mbaazi zilizopandwa na mvua, usizikate hata baada ya kuvuna. Zitachipua na kuwa ua usiogharimu kitu. Nyanya zifungwe kwenye fito za mita 1.5 kwa kamba ya katani, kitanzi chenye umbo la namba 8, kuanzia zikifika sentimita 30.

Mboji na mbolea ya kukuzia

Sasa majani mabichi ni mengi, Agosti hayatakuwapo. Lundo la juu ya ardhi hukaukia njiani, hivyo chimba shimo la mita 1 kwa 1.5, kina sentimita 60, mahali penye kivuli. Panga vitu vikavu sentimita 20, vibichi 20, samadi 5, majivu konzi mbili, na maji hadi vilowe bila kutiririka, ukirudia hadi shimo lijae. Chomeka fimbo katikati na ulifunike shimo kwa makuti. Baada ya wiki moja chomoa fimbo: ikiwa ya moto na yenye unyevu, kazi inaendelea, ikiwa kavu, ongeza maji, ikinuka uvundo, geuza na uongeze vikavu. Geuza baada ya wiki tatu, na mboji itakuwa tayari kati ya miezi miwili na mitatu.

Kwa mboga za majani, gramu 50 za urea hutosha tuta la mita 5, lakini kwenye kichanga zigawe mara mbili kwa wiki mbili, kisha mwagilia papo hapo. Ukiweka zote kwa siku moja, sehemu kubwa itazama.

Wadudu wa msimu wenyewe

Utitiri mwekundu ndio adui wa kwanza wa kipupwe. Huanzia pembezoni, hasa karibu na njia yenye vumbi: majani hujaa vidoa vyeupe, chini yake kuna utando mwembamba. Kata majani yaliyoathirika, rushia maji kwa nguvu upande wa chini wa majani asubuhi tatu mfululizo. Ukizidi, vijiko viwili vya chakula vya sabuni ya maji kwa lita 5, jioni, baada ya kujaribu kwenye majani machache. Sabuni ya unga ya kufulia huunguza. Dawa nyingi za kuua wadudu wengine huua pia maadui wa utitiri na kuuacha utambe.

Kantangaze huchora mabaka ya kahawia ndani ya jani la nyanya na kutoboa tunda. Majani na matunda hayo yafungwe kwenye mfuko wa plastiki na kuachwa juani wiki moja. Kwa viwavi vya sukuma wiki, twanga gramu 500 za mbegu za mwarobaini, loweka kwenye lita 10 za maji usiku mmoja, chuja, pulizia jioni, rudia baada ya siku 7.

Ubwiriunga hupaka unga mweupe majani ya bamia na matango. Salfa huudhibiti, na kwa sababu mikorosho nayo hupuliziwa salfa kuanzia Juni, vumbi lake huingia bustani nyingi bila kualikwa. Osha mboga vizuri, na usipulize dawa yenye mafuta wakati salfa ingali kwenye majani, kwani pamoja huunguza.

Miti ya uani

Mwembe mkubwa uache. Maji na mbolea mwezi Juni huusukuma kutoa majani badala ya maua. Mkorosho ondoa matawi makavu tu na ufagie chini yake. Muda wa kuukata sana umepita, maana unakaribia kuchipua. Mindimu na mipapai michanga ichimbiwe kisahani cha kipenyo cha mita 1 na kutandaziwa nyasi.

Tarehe ya kufunga

Nyanya zisisiwe tena baada ya katikati ya Julai. Za mwishoni mwa Julai zitachanua mwishoni mwa Septemba na kuendelea Oktoba, joto likipanda, na usiku ukifikia nyuzi 24 maua mengi hupukutika bila kushika tunda. Nafasi inayobaki kuanzia hapo ipewe bamia, kunde za majani na matembele.